LAMI INYWAYO MAJI NA BARABARA ZA MPAKANI

Tangu mwaka 1967 hadi 1976 wapimaji wa hali ya hewa katika mji wa Tororo walihesabu siku za ngurumo, na wastani walioupata ni siku 251 kwa kila mwaka. Hesabu hiyo iliingia katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Askari aliyepata kushika zamu katika kizuizi cha barabara chini ya Jabali la Tororo hahitaji kitabu kumweleza jambo hilo. Mawingu hujikusanya tangu adhuhuri, na ifikapo saa kumi alasiri mvua huteremka kwa nguvu hata dereva asione taa za gari lililomtangulia.

Ndani ya mvua hiyo ndimo inamopita njia kuu ya biashara ya Afrika Mashariki. Barabara itokayo Mombasa hupanda hadi Nairobi na Nakuru, kisha hugawanyika. Tawi moja hupitia Eldoret na kuingia Uganda kwa mlango wa Malaba, katika wilaya ya Tororo, na tawi la pili hupitia Kisumu na kuingia kwa mlango wa Busia. Petroli, dizeli, ngano, chuma na mbolea ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo hupita hapo juu ya magurudumu. Ajali itokeapo usiku wa mvua, wa kwanza kuitwa ni polisi wa usalama barabarani, na mara nyingi wa pili ni askari jeshi mwenye gari la kuvutia. Kwa hiyo suala la barabara itiwe lami ya namna gani si la wahandisi peke yao. Ni letu pia.

Wapo wanaouliza kwa nini barabara zetu na viwanja vyetu vya ndege visitiwe ile lami inywayo maji, itumikayo Ulaya na Japani. Swali hilo ni zuri na lastahili jibu kamili. Halifai kupuuzwa, wala halifai kupokewa kwa makofi tu.

Kwanza ieleweke lami hiyo ni kitu gani. Katika lami ya kawaida huchanganywa kokoto kubwa, kokoto ndogo, mchanga na vumbi la mawe, ili kila nafasi ijazwe. Ikishashindiliwa, nafasi tupu inayobaki ni kiasi cha asilimia 3 hadi 5 tu, na mvua haipenyi. Lami ya vinyweleo hutengenezwa kinyume. Mchanga na kokoto ndogo hupunguzwa sana, kokoto kubwa za kipimo kimoja huachwa zikigusana, na kati yake hubaki nafasi za asilimia 20 hivi. Maji hayakai juu. Huzama, hukutana na tabaka la chini lisilopenya maji, kisha hutambaa kando hadi mtaroni. Waholanzi huitandaza kwa unene wa milimita 50 hivi, na sehemu kubwa kabisa ya barabara zao kuu za taifa imefunikwa nayo. Sababu yao kubwa ilikuwa kelele, maana nchi ile ni ndogo na watu wamejenga hadi ukingoni mwa barabara. Vinyweleo humeza mlio wa matairi. Tena wakati wa mvua, ule ukungu wa maji unaorushwa na magurudumu ya malori hupungua mno.

Lakini faida kubwa kwa askari imo katika breki. Mwaka 1963 watafiti wa NASA huko Marekani walichapisha kanuni nyepesi juu ya gurudumu linaloelea majini. Chukua upepo wa tairi kwa ratili za inchi ya mraba, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 17 kasoro kidogo. Jibu ni mwendo, kwa kilometa za saa moja, ambao tairi huachana na barabara iliyofunikwa na maji. Tairi la gari dogo la doria lenye ratili 30 huanza kuelea kwenye kilometa 90 hivi. Likishaelea, usukani haugeuzi na breki haishiki. Tairi lililochakaa hutangulia kuelea, kwa sababu halina mikunjo ya kuyakimbiza maji. Lori lililojaa mzigo, lenye ratili 100, huelea kwa shida, na ndiyo maana dereva wake huenda mbio katika mvua bila wasiwasi, huku gari dogo likimfuata nyuma kwa mwendo ule ule. Lori tupu ni jambo jingine. Halina uzito wa kulikandamiza tairi barabarani, nalo laweza kuteleza kwa mwendo mdogo zaidi kuliko lile lililojaa. Madereva wengi wa misafara yetu hawalijui hilo, nao ndio warudio na malori matupu.

Kwa ndege hesabu ni ile ile. Tairi lenye ratili 144 huelea kwenye kilometa 200 kwa saa, na ndege nyingi za jeti hugusa ardhi kwa mwendo unaozidi huo. Ndiyo sababu jeshi la anga la Uingereza lilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuijaribu lami ya vinyweleo katika njia za kurukia ndege, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Dawa ya pili iliyopatikana wakati huo ni kuchanja njia yenyewe kwa msumeno, ikawa na vifereji vyembamba vya kupitisha maji kutoka upande hadi upande. Tarehe 17 Julai 2007, katika kiwanja cha Congonhas mjini São Paulo, Brazil, ndege ya abiria ilitua katika njia iliyokuwa imetoka kukarabatiwa na kufunguliwa kabla vifereji havijachanjwa. Ilipitiliza na kugonga jengo. Watu 199 walikufa. Wachunguzi waliona pia kwamba wenzo wa injini moja haukuwekwa mahali pake, kwa hiyo si haki kuitupia njia lawama yote. Hata hivyo, kufungua njia kabla kazi haijakamilika ni kosa ambalo ofisa yeyote wa uhandisi wa medani angelitambua. Karibu na kwetu, tarehe 1 Machi 2010, ndege aina ya Boeing 737 ya Air Tanzania iliacha njia ilipokuwa ikitua Mwanza na gurudumu lake la mbele likavunjika. Hapakuwa na kifo.

Sasa tuje mpakani. Hebu tufanye hesabu ya mvua. Tabaka la milimita 50 lenye nafasi za asilimia 20 laweza kumeza maji ya milimita 10. Basi. Mvua ya ngurumo katika nchi za joto yaweza kumwaga milimita 50 kwa saa moja, na maji yaliyomo ndani ya vinyweleo hayakimbii, hutambaa polepole. Barabara ikishajaa tumbo, mvua inayozidi hutiririka juu kama ilivyotiririka juu ya lami ya zamani. Kwa manyunyu ya Amsterdam, yanayodumu kutwa, chombo hicho chatosha. Kwa gharika ya alasiri ya Tororo kitasaidia dakika za mwanzo, nazo ni dakika zenye thamani, lakini anayedhani kwamba maji yatatoweka atakuwa amejidanganya.

Tena kuna vumbi. Udongo wetu mwekundu huingia barabarani kwa miguu ya ng'ombe, kwa matairi yatokayo njia za vijijini, na kwa mvua yenyewe inayoleta tope kutoka kingo zisizo na majani. Huko Ulaya matairi yaendayo kasi hufyonza na kusukuma maji ndani ya vinyweleo, na hivyo huvisafisha yenyewe. Mahali ambapo magari hayapiti kasi, kama ukingo wa kusimamia, huzibwa na uchafu na kuhitaji mashine ya kuosha kwa maji ya shinikizo. Malaysia, ambayo mvua zake zafanana na zetu, ilianza majaribio katika miaka ya 1990 na ikakutana na tatizo hilo hilo la kuziba. Sasa mwulize askari wa zamu wa Busia au Malaba magari yake huenda kasi gani. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Museveni na Rais Kenyatta walifungua kituo cha pamoja cha Busia, na kazi ya forodha ikapungua kuwa ya kusimama mara moja badala ya mara mbili. Hayo ni maendeleo. Lakini Januari 2022, madereva walipotakiwa kupimwa korona na wengi wao wakagoma, malori yalijipanga kwa makumi ya kilometa upande wa Kenya na bei ya petroli ikapanda Uganda. Hata siku ya kawaida lori husogea hatua chache, likasimama, likasogea tena.

Kusimama huko ndiko adui mkubwa wa lami hii. Dizeli huyeyusha lami. Tone moja moja kutoka chini ya lori bovu, siku baada ya siku, hulainisha kile kinachozishika kokoto. Kwa kuwa hewa huzunguka ndani ya vinyweleo, lami yenyewe huzeeka na kukauka upesi kuliko ile iliyoshindiliwa. Kisha tela la ekseli tatu likikata kona mahali pamoja, magurudumu yake ya nyuma huburutwa kwa ubavu na kung'oa kokoto. Ikitoka moja, jirani zake hukosa wa kuegemea, nazo hutoka. Katika barabara, kokoto hiyo huvunja kioo au humpata kichwani mwendesha bodaboda, watu ambao jina lao, kama wazee wa hapa wanavyojua, lilizaliwa katika ardhi ya mpakani kwa vijana waliovusha abiria kwa baiskeli. Katika kiwanja cha ndege, kokoto hiyo humezwa na injini.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba lami ya vinyweleo isipelekwe katika maegesho, mizani, na vipande vya foleni vya Busia na Malaba. Hapo panataka zege. Zege haliyeyushwi na dizeli wala halipati makorongo ya matairi chini ya lori lililosimama kutwa kwenye jua, na saruji haitoki mbali, kwani kiwanda cha Tororo kimekuwa kikiitengeneza tangu miaka ya 1950. Gharama ya kuanzia ni kubwa, hilo hatulifichi. Kama wahandisi wa wizara wanataka kuijaribu lami mpya, na waijaribu katika kipande cha mwendo wa kasi, chenye mteremko na kona, mbali na foleni, na wapange tangu mwanzo nani ataiosha na kwa mashine gani. Katika njia za ndege zenye lami, vifereji vya kuchanjwa vyatufaa zaidi, maana havina kokoto za kulegea.

Hata hivyo, lami ya namna yoyote haitadumu ikiwa sisi wenyewe twaiacha iuawe. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara huongezeka kwa kadiri ya uzito ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli iliyozidishiwa asilimia 20 haiharibu kwa asilimia 20 zaidi, huharibu maradufu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Polisi anayelifumbia macho lori lililopita mizani kwa mlango wa nyuma amechimba shimo kwa mkono wake, na huenda gari la doria la mwenzake ndilo litakalotumbukia humo usiku.

Mwandishi wa safu hii, alipokuwa kadeti, aliamriwa kuchimba mtaro wa hema kabla ya hema lenyewe kusimamishwa. Alinung'unika kama wenzake. Usiku ule ilinyesha, na kikosi cha jirani kilichotanguliza hema kililala kimesimama. Katika miji yetu ya mpakani mitaro ipo, lakini imejaa chupa za plastiki, maganda ya miwa na mchanga, na vibanda vimejengwa juu yake. Kamanda wa kituo ana uwezo wa kuzungumza na wakuu wa mji leo hii juu ya mitaro hiyo, bila kungojea mkandarasi wala mkopo.

Kadhalika, lori likimwaga mafuta barabarani, askari wa kwanza kufika aweke alama, azuie magari mbali na mahali hapo, aite kikosi cha zimamoto, na amwage mchanga mkavu juu yake mapema iwezekanavyo. Madereva wa misafara wapime upepo wa matairi kabla ya kuondoka kambini, wala wasisubiri kufika Tororo; na mvua inapoanza kati ya Busitema na mpakani, nafasi baina ya gari na gari iongezwe maradufu, na mwendo ushuke chini ya kilometa 60 kwa saa, hata kama msafara umechelewa.