Sheria ya Sigara na Mkono wa Muuguzi



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, juma hili twapenda kuzungumza na familia zetu, kuanzia Diani na Ukunda hadi Msambweni na Lunga Lunga, juu ya mambo mawili ambayo watu wamezoea kuyatenganisha: moshi wa tumbaku na kazi ya muuguzi. Sisi twaona kuwa la kwanza halitengenei bila ya la pili.

Nchi yetu haikukosa sheria. Mwaka 2004 Kenya iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Ikafuata Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008. Sheria hiyo inakataza kuvuta sigara mahali pa umma, hospitali zikiwamo. Inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Na inakataza hata ile biashara tunayoiona kila siku vibandani, ya kuuza sigara moja moja. Disemba 2017 serikali ikapiga marufuku shisha nchini kote. Hayo ni mema, na waliyoyapigania wanastahili shukrani.

Lakini sheria hukomea mlangoni. Askari hawezi kuingia ukumbini kumzuia baba anayewasha sigara ilhali mtoto mchanga amelala chumba cha pili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa asilimia 19 hivi ya wanaume wa Kenya hutumia tumbaku, na wanawake ni chini ya asilimia 5. Basi katika nyumba nyingi anayevuta ni mume, na wanaovuta pamoja naye bila ya hiari ni mke na watoto. Moshi huo humwongezea mtoto maradhi ya kifua, ya pumu na ya masikio. Na mja mzito anayeuvuta huhofiwa kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Shirika la Afya Duniani lasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuwa wavutaji. Wala tusiwasahau bibi zetu wenye kijaluba cha ugoro, wanaodhani kuwa kisichotoa moshi si tumbaku.

Dini yetu haikunyamaza. Wanazuoni wa zamani walikhitalifiana, wengine wakasema ni makuruhu na wengine haramu. Lakini madhara yalipobainika wazi, wengi wa wanazuoni wa zama zetu wamesema ni haramu, kwa sababu Uislamu haukubali mtu kujidhuru wala kumdhuru mwenziwe. Na ikiwa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alimtaka aliyekula kitunguu kibichi asiwaudhi wenziwe msikitini kwa harufu tu, itakuwaje kwa moshi unaoingia katika mapafu ya mwana?

Sasa tuulize: ni nani anayeweza kufika pale asipofika askari? Ni muuguzi. Yeye ndiye anayempokea mama katika kliniki ya wajawazito, anayempima mtoto uzito na kumchanja, anayemwosha kidonda mzee wa kisukari ambaye mguu wake haufungi kwa kuwa sigara imezidi kuiziba mishipa. Imethibiti kuwa nasaha fupi kutoka kwa mhudumu wa afya, hata ya dakika chache, huwaongeza wanaofanikiwa kuacha. Swali moja tu la upole, "Mama, nyumbani kwenu kuna anayevuta?", laweza kufungua mlango ambao faini haiufungui.

Hata hivyo, swali hilo lataka wakati na lataka sitara. Muuguzi aliye peke yake usiku, mwenye wodi iliyojaa na mama anayejifungua upande wa pili, atapata wapi nafasi ya kukaa kitandani pa mgonjwa akamnasihi? Na mwanamke anayeulizwa mbele ya foleni nzima hatasema ukweli juu ya mumewe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini wengi wetu huficha kwa kukosa pa kusemea. Ndiyo maana twasema ubora wa uuguzi si tabasamu pekee. Ni idadi ya wauguzi, ni muda wao, na ni pazia linalomsitiri mgonjwa.

Mwaka 2017 tulionja uchungu wa kuwakosa. Mgomo wa wauguzi ulianza Juni 5, ukaisha Novemba 2, karibu miezi mitano. Sheria ya tumbaku haikufutwa hata siku moja katika miezi hiyo, lakini wengi wa wale ambao wangeifikisha kwa mama kliniki hawakuwapo kazini. Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi wa 2013, na hapa Msambweni tuna hospitali ya rufaa na chuo cha mafunzo ya utabibu. Vijana wanaosomea kazi hii tunao. Lililobaki ni waajiriwe na walipwe kwa wakati.

Tusidhani kazi hii ni ngeni kwetu au ni duni. Bibi Rufaida Al-Aslamiya, radhi za Allah zimshukie, alikuwa na hema katika msikiti wa Mtume mjini Madina, na humo ndimo alimowekwa Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq. Mwanamke huyo aliaminiwa maisha ya majemadari.

Kwa hivyo, mama zetu na dada zetu, kaunti inapowaita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, msiwaachie wanaume peke yao. Nendeni muulize: mwaka huu wataajiriwa wauguzi wangapi, na watakwenda zahanati zipi? Mkifika kliniki, msimfokee muuguzi aliyechoka, wala msimfiche yanayowadhuru. Na nyinyi akina baba, mwili ni amana, na pumzi ya mtoto ni amana kubwa zaidi. Asiyeweza kuacha leo, basi na aanze kwa kutovuta ndani ya nyumba, huku akitafuta msaada wa kuacha kabisa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awalipe kheri wanaowauguza, na azisafishe nyumba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.