Chakula kipo, udumavu upo

"Wilaya yenye chakula kingi haiwezi kuwa na watoto waliodumaa." Hoja hii nimeisikia mara nyingi hapa Tukuyu, mikungu ya ndizi ikiwa imejaa nyuma ya msemaji. Anayeitamka anadai kwamba chakula ni sharti toshelezi la afya: likiwepo, matokeo hayana budi kuwepo. Mvua ya Rungwe inatosha kulowesha barabara. Hilo halina ubishi. Lakini dai la utoshelevu huvunjwa na mfano mmoja tu, nao uko kwa jirani zetu. Iringa ni ghala la mahindi, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wake wa chini ya miaka 5 wamedumaa.

Ndizi zaweza kujaa shambani, maziwa yote yakauzwa alfajiri, na mama akashinda akichuma chai huku mtoto akilishwa uji mtupu mara mbili kutwa. Wanaonitia hofu zaidi ni watumishi wa umma wanaokimbilia kusema, "Basi tatizo ni elimu." Wamebadili jina la sharti, kosa wameliacha palepale. Mama aliyefundishwa vyema, lakini asiye na wa kumwachia mtoto, atamlisha saa ngapi?