Joto si Zawadi kwa Misitu ya Kaskazini

Wasee, kuna hoja moja inanikera: eti dunia ikizidi kupata joto si mbaya, juu miti ya kule kwa baridi itakua haraka, imeze kaboni yetu yote. Mimi nakataa.

Tuseme ukweli, nusu ya hoja iko sawa. Kutoka Alaska na Kanada hadi Ufini na Siberia kuna mkanda mkubwa wa misitu ya sprusi na misonobari. Huko mti unapata miezi michache tu ya kukua. Shida si chakula, maana majani yanaweza kutengeneza sukari hata baridi ikikaribia sifuri. Shida ni ujenzi. Ikishuka chini ya nyuzi 5 hivi, mti karibu uache kabisa kuunda mbao mpya. Ni kama mjengo wenye simiti imejaa stoo lakini mafundi hawajafika. Ndiyo maana ukikata gogo la huko, mwaka wa baridi kali unaonekana kwa pete nyembamba, na mwaka wa joto kwa pete nene.

Sasa nusu wanayoruka: maji. Hewa ya moto inanyonya maji kwa udongo na kwa majani. Mti ukiona hivyo unafunga vitundu vya majani usikauke, na kaboni nayo inafungiwa nje. Sehemu kavu za ndani ya Alaska, kuna sprusi ambazo kiangazi kikiwa cha moto zinakua kidogo, si zaidi.

Halafu kuna moto wenyewe. Juni 2020, Verkhoyansk huko Siberia ilifika nyuzi 38. Mwaka 2023, Kanada iliunguza zaidi ya hekta milioni 15, yaani kama robo ya Kenya nzima. Pete nene itasaidia nini kwa mti uliogeuka jivu?

Niliacha kampasi, lakini hii hesabu haitaki digrii. Kaboni ya msitu ukiungua Kanada haiombi viza, inaingia hewa hii hii yetu. Na joto likizidi, mwenye mbuzi Turkana ndiye analipa mapema.

Kwa hivyo mtu akikuambia joto litafaidi miti, muulize swali moja tu: na maji yatatoka wapi?