Hodi ya Aliyekwisha Ingia

Katika ada za mji wetu wa Amu, mgeni hubisha hodi akangoja dakani hata aambiwe karibu. Hodi ya mtu aliyekwisha jikalia ukumbini ni kejeli. Na hodi ya namna hiyo ndiyo tupigiwayo na wenye madaraka kila wanapotujia na kile wanachokiita ushirikishwaji wa umma.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 10, inauhesabu ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala. Ibara ya 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mimi nazisoma ibara hizi kama kina cha kati na kina cha mwisho: ukikiharibu kimoja, ubeti mzima huchechemea.

Tukumbuke mradi wa kufua umeme wa megawati 1,050 kwa makaa ya mawe, uliokusudiwa kujengwa Kwasasi. Leseni ya mazingira ilitolewa mwaka 2016. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba mikutano iliyofanywa ilikuwa ya utangulizi tu. Uchunguzi ulipokamilika, wananchi hawakurudiwa ipasavyo wakaelezwa madhara na kusikilizwa. Waliulizwa kabla ya kuambiwa!

Watetezi wa mwendo huu hudai kuwa mambo ya kitaalamu hayamwelei mvuvi, na kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuyabeba. Nimejifunza kutafsiri bila ya mwalimu, na nasema huo ni uzushi. Niliwahi kutiwa kurasa mkononi mkutano ukiwa umekwisha funguliwa, nikaambiwa nifasiri papo hapo. Maneno nilikuwa nayo. Muda ndio niliyonyimwa. Majivu, moshi, maji ya moto yarudishwayo baharini: lipi hapo lisilosemeka? Na ni nani amshindaye mvuvi kwa kujua samaki wazaliapo mikokoni?

Basi uje kwanza waraka wa Kiswahili, zifuate siku za kuusoma na kuujadili barazani, ndipo uitishwe mkutano. Na "hapana" ihesabiwe kuwa jawabu. Aliyetia sahihi katika orodha ya mahudhurio amekiri kuwa alikuja, hajakiri kuwa alikubali. Wenye kuja na waje, lakini wangoje dakani.