Baiskeli ya mtoto asiyetembea ipendeze pia

Ndugu zangu mafundi baiskeli wa Shinyanga, nanyi wazazi wa Kahama, Geita na vijiji vya machimboni.

Nawaandikia kutoka Uholanzi. Huku, katika mji wa Varsseveld, kiwanda cha Van Raam kinatengeneza baiskeli za watu wenye ulemavu: za magurudumu matatu, za wawili kukaa bega kwa bega, na za watoto. Ufundi wao ni mkubwa, lakini kinachonigusa ni jinsi zinavyopendeza. Mtoto akiipanda, wenzake wanaitamani.

Kwetu, mtoto mwenye mtindio wa ubongo akibahatika kupata chombo cha kutembelea, mara nyingi ni cha msaada, kilichopimwa kwa mtu mzima. Miguu inaning'inia, mgongo unapinda, mwishowe kinasukumwa stoo.

Shinyanga baiskeli ni teksi. Vijana huzivisha vioo, maua ya plastiki na madigadi yenye maandishi. Kwa nini urembo huo uwe wa wanaotembea tu?

Fremu ya magurudumu matatu mnaiweza. Kiti kiwe chini, chenye egemeo, kisogezwe mtoto anavyokua. Cheni izungushe gurudumu moja tu la nyuma. Magurudumu yote mawili ya nyuma yakikazwa kwenye ekseli moja, kona inakuwa ngumu. Mwenye mtindio wa ubongo awekewe kikanyagio chenye mkanda, mguu usichomoke. Aliyezaliwa na mgongo wazi, ambaye miguu haina nguvu, azungushe kwa mikono, na akalie mto mzuri: asiposikia maumivu, kidonda humchimba bila yeye kujua. Kabla ya kukata bomba, mtafuteni mtaalamu wa mazoezi ya viungo amwone mtoto. Chuo cha TATCOT cha Moshi kimefundisha watengenezaji wa viti mwendo. Ujuzi huo hauko mbali.

Fedha? Asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo ya vikundi vya watu wenye ulemavu. Na tangu sheria ya madini ilipobadilishwa mwaka 2017, mgodi hukubaliana na halmashauri mpango wa kuihudumia jamii. Madarasa na zahanati vijengwe, ndiyo, lakini baiskeli hizi nazo ziandikwe humo, na zichomelewe Shinyanga. Sikubaliani na kusubiri kontena la misaada.

Anzeni na mtoto mmoja wa jirani. Mpimeni urefu wa mguu, upana wa nyonga, kimo cha mgongo. Kisha mwulizeni anataka rangi gani, na msimbadilishie.