Mazoezi Yasiyo na Ada: Imani ya Kikristo na Wajibu wa Kuutunza Mwili

Kila Jumapili, katika miji ya Tanzania, viwanja vya makanisa huanza kujaa watu kabla ya saa moja asubuhi. Wamo waliotembea kutoka mtaa wa jirani, waliofika kwa bodaboda, na walioegesha magari hatua chache kutoka mlangoni. Kwa saa mbili au tatu hukaa, husimama, hupiga magoti na kuimba. Baada ya ibada baadhi hunywa chai yenye sukari nyingi kwa maandazi, huketi tena katika kikao cha kamati, kisha hurejea nyumbani kupumzika. Katika mabenchi hayo wamo wengi wenye shinikizo la juu la damu, na sehemu kubwa yao hawajui kuwa wanalo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowahusu watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kuwa takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na takribani 9 kati ya 100 wana kisukari. Katika benchi la waumini wanane, basi, yatarajiwe kuwa wawili wanatembea na ugonjwa ambao siku moja waweza kuwaletea kiharusi au kuziharibu figo zao.

Dawa ya kwanza ya hali hiyo inajulikana, nayo haiuzwi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Hata hivyo, ushauri huo unapotolewa kliniki, jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba mazoezi ni anasa ya wenye fedha: ada ya jimu, raba mpya, mavazi maalumu, na muda ambao mama muuza mboga au mlinzi wa usiku hana. Wagonjwa wengi huitikia kwa heshima, huondoka, na hurudi baada ya miezi mitatu wakiwa vilevile.

Kosa, kwa sehemu kubwa, ni la namna ushauri unavyotolewa. Mgonjwa huambiwa afanye nini, lakini haambiwi afanye na nani, wapi, na kwa sababu gani itakayomwamsha asubuhi ya tatu baada ya ari ya kwanza kupoa. Mambo hayo matatu, yaani wenzi, mahali na sababu, Mkristo wa kawaida wa Tanzania anayo tayari. Yako katika usharika wake, parokia yake, jumuiya yake ndogondogo na kwaya yake. Kinachokosekana ni kuyatumia.

Kisingizio cha Maandiko

Wapo waumini wanaoona kwamba kushughulikia mwili ni jambo la kidunia. Andiko linalotajwa sana ni lile la waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 4, ambamo Mtume Paulo anayalinganisha mazoezi ya mwili na utauwa, na kuupa utauwa nafasi ya juu. Kulinganisha si kukataza. Paulo hakusema mazoezi hayana faida. Alisema faida yake ina mpaka. Mtume huyohuyo, alipowaandikia Wakorintho, watu walioishi karibu na uwanja wa michezo mashuhuri ya Isthmia, alitumia mfano wa wakimbiaji na wapiganaji wa ngumi, na katika waraka uleule aliufananisha mwili wa mwamini na hekalu la Roho Mtakatifu. Asiyeacha hekalu la matofali livuje hana sababu ya kuliacha hili lingine libomoke.

Tena yafaa kukumbuka maisha ya watu walioandikiwa nyaraka hizo. Luka anasimulia wanafunzi wawili waliotembea kutoka Yerusalemu hadi Emau, mwendo wa stadia 60, yaani takribani kilomita 11, nao wakarudi jioni ileile. Safari ya Galilaya hadi Yerusalemu ilizidi kilomita 100 kwa miguu. Watu wa namna hiyo hawakuhitaji kuhubiriwa kutembea. Anayelihitaji hubiri hilo ni muumini wa leo, ambaye hupanda bodaboda kwa umbali wa kilomita moja, huketi ofisini au dukani kutwa nzima, na jioni huketi tena mbele ya televisheni.

Kizuizi kingine ni cha jamii, na kinahitaji kusemwa kwa upole. Kwa muda mrefu unene umehesabiwa kuwa dalili ya neema na maisha mazuri. Katika miaka ambayo UKIMWI ulikuwa hauna tiba ya kuufubaza, kukonda kukawa jambo la kuogofya na kunong'onwa. Mpaka leo, mama anayepunguza kilo tano kwa juhudi zake mwenyewe huweza kuulizwa anaumwa nini, na mume wake kuulizwa kama anamtunza. Mtu mmoja hawezi kuishinda minong'ono ya mtaa mzima. Kundi la akina mama ishirini wanaotembea pamoja kila alfajiri wanaweza, kwa kuwa wao wenyewe ndio mtaa.

Yanayotokea mwilini

Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kwa mtu ambaye insulini yake imepungukiwa nguvu, na athari hiyo huendelea kwa siku moja au mbili baada ya zoezi. Ndiyo maana haifai, hasa kwa mwenye kisukari, kupitisha zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi. Mishipa ya damu nayo hujifunza kutanuka kwa urahisi, na shinikizo hushuka. Manufaa hayo huanza kabla mizani haijaonyesha badiliko lolote. Kwa hiyo anayekata tamaa kwa kuwa uzito haujapungua anaiacha dawa wakati imeanza kufanya kazi.

Ushahidi wake ni wa siku nyingi. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walionyesha kuwa makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, uliohusisha watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kupata kisukari, ulionyesha kuwa mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, pamoja na mlo bora na kupunguza uzito kwa kiasi, yalipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Dawa ya metformini, katika utafiti huohuo, ilipunguza kwa asilimia 31.

Na je, imani inaingiaje? Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu Waadventista Wasabato wa California ulionyesha kuwa wanaume wao waliishi takribani miaka 7 zaidi ya wanaume wengine wa jimbo hilo, na wanawake takribani miaka 4 zaidi. Hao ni watu wasiovuta sigara, wengi wao hula mboga na nafaka kwa wingi na hufanya mazoezi. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba sala peke yake hurefusha umri. Unaonyesha jambo lililo karibu zaidi na uwezo wa binadamu: kwamba imani inapogeuka kuwa desturi ya pamoja ya kila siku, mwili nao hupokea fungu lake.

Uwanja ulio wazi

Mazoezi yasiyo na gharama hayahitaji ubunifu mkubwa. Kizazi kilichosoma shule za msingi za Tanzania kinakumbuka mchakamchaka: wanafunzi walikimbia kwa nyimbo kabla ya masomo, bila kifaa chochote. Uwanja wa kanisa, ambao siku za juma hubaki mtupu, unatosha kwa kazi hiyo. Kutembea kwa haraka hakuhitaji zaidi ya viatu visivyobana, na raba za mtumba zinafaa kabisa. Kamba ya katani inatosha kwa kuruka. Chupa ya lita moja na nusu iliyojazwa maji ni uzani wa kilo moja na nusu; dumu la lita tano ni kilo tano. Kuketi kwenye benchi la kanisa na kusimama mara kumi bila kushika kitu ni zoezi bora la mapaja, hasa kwa wazee wanaoogopa kuanguka. Kupiga pushapu kwa kuegemea ukuta kunamfaa asiyeweza kuzipiga chini.

Wanakwaya wanacho hata kipimo cha mwendo, tena cha bure. Katika mazoezi ya wastani mtu huweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Anayetembea huku akimaliza ubeti mzima bila kutweta aongeze hatua. Asiyeweza kukamilisha sentensi apunguze.

Ratiba nayo ipo tayari. Anayeishi umbali wa nusu saa kutoka kanisani, akienda na kurudi kwa miguu Jumapili na kwenye ibada mbili za asubuhi katikati ya juma, amekwisha timiza dakika 180. Jumuiya inayokutana nyumbani kwa muumini huweza kuanza kwa kuzunguka mtaa pamoja, ikimpitia mgonjwa na mjane njiani. Hapo mazoezi na tendo la huruma huwa safari moja. Wanawake, ambao wengi huogopa kutembea peke yao gizani, hupata usalama wa kundi na kujistahi kwa mavazi yao ya kawaida. Kamati ya chai baada ya ibada inaweza kuweka matunda na maji mahali pa soda, kwani chupa moja ya soda ya mililita 350 hubeba takribani gramu 35 za sukari.

Mipaka ya lazima

Hoja hii ikichukuliwa bila tahadhari yaweza kuleta madhara, na Kanisa linapaswa kuyakinga mapema.

La kwanza ni kuacha dawa. Mazoezi hupunguza shinikizo, na wakati mwingine daktari hupunguza vidonge. Mgonjwa hapaswi kujipunguzia mwenyewe, wala mhubiri kumtangazia kuwa amepona na hazihitaji tena. Viharusi vingi huwapata watu walioacha dawa walipojisikia vizuri. Kumeza kidonge kila asubuhi si upungufu wa imani.

La pili ni bonanza. Wazee wa kanisa ambao hawajakimbia kwa miaka ishirini huvishwa jezi siku moja katika mwaka na kucheza mpira dhidi ya vijana. Moyo ambao haukuandaliwa haupaswi kushtukizwa. Aanzaye aanze kwa dakika kumi na kuongeza taratibu, na mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au kubanwa pumzi asimame mara moja na kwenda hospitali. Mwenye kisukari akague miguu yake kila jioni.

La tatu ni mfungo. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari akifunga siku nzima na kufanya mazoezi anaweza kupungukiwa sukari hadi kuzimia. Amwone daktari kabla ya mfungo kuanza.

La nne ni hukumu. Siku mimbari itakapoanza kuwanyooshea kidole wanene, kazi yote itakuwa imeharibika. Wapo waliorithi miili mizito, wapo wanaotumia dawa zinazoongeza uzito, wapo walemavu na wagonjwa wa viungo. Kipimo cha uwakili ni kutumia vema kile ambacho kila mmoja amepewa, na talanta hazikugawiwa sawa.

Kazi iliyosalia

Makanisa ya Tanzania hayahitaji kufundishwa kwamba afya ni sehemu ya wito wao. KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, hospitali zilizofunguliwa mwaka 1971, ni matunda ya wito huo, na zahanati za misheni zilitangulia zote mbili. Lakini hospitali humpokea mtu akiwa tayari ameanguka. Kiharusi kinapomlaza baba wa miaka 50, familia huuza shamba, mtoto mmoja huacha shule ili amuuguze, na sadaka za usharika huelekezwa kwenye michango ya matibabu. Gharama ya kutokufanya mazoezi ndiyo hiyo, nayo hulipwa na watu ambao hawakuweza kumudu hata ada ya jimu.

Wachungaji na mapadre waanze kwa kutembea wao wenyewe, maana waumini hufuata nyayo kuliko mahubiri. Kila usharika uwe na mashine ya kupima shinikizo la damu na mtu aliyefunzwa kuitumia. Mashine hiyo ni ya bei ndogo kuliko spika moja ya kanisa. Wanaokutwa na kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi wapelekwe kituo cha afya wakapimwe tena na kuandikishwa kliniki. Wataalamu wa afya, kwa upande wao, wamuulize mgonjwa anasali wapi na na nani, kwa heshima ileile wanayomuuliza anakula nini; na wamuulize hivyo Mwislamu sawa na Mkristo, kwa kuwa msikiti nao una jirani, uwanja na alfajiri.

Jumapili ijayo viwanja vitajaa tena. Tangazo moja baada ya ibada, la kuwaita watakaotembea pamoja Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, linatosha kuanzia.