Wasee wa Lego, Elvis Ametosha!

Wacha niseme bila kuzunguka. Mashindano ya matofali ya Lego yakitangaza mada ya "buni mwanamuziki wako mwenyewe", sisi Wakenya tunatuma Elvis. Kama si Elvis, ni Michael Jackson na glavu yake moja nyeupe. Kama si Michael, ni jamaa fulani wa roki, nywele hadi kiunoni, gitaa la umeme shingoni. Mimi pia ni mjenzi, kwa hivyo siongei kama mtu wa pembeni. Tunaombwa kitu cha kubuni, tunapeleka fotokopi. Halafu tukikosa tuzo tunalia ati majaji hawapendi Afrika.

Hapana. Majaji wameona Elvis wa kutosha kujaza basi la abiria. Wamechoka, na wana haki ya kuchoka.

Na kabla hujaniambia kwamba kila mtu ana uhuru wa kujenga anachopenda: sawa kabisa. Nyumbani kwako jenga Elvis, jenga hata mbuzi wake. Lakini shindano limesema "buni". Kuiga sura ya staa aliyepigwa picha mara milioni si kubuni. Ni kunakili kwa plastiki.

Sasa tujiulize, kwa nini kila mara ni gitaa? Kwa maoni yangu si kwamba tunapenda roki sana. Ni kile kisanamu chenyewe. Kile kijamaa cha Lego tunachokijua wote kilitoka mwaka wa 1978, na kina urefu wa kama sentimita 4. Mkono wake unazunguka begani lakini haukunji kiwiko. Kiganja ni ndoano ya kushika kijiti. Miguu inaenda mbele na nyuma tu, haitanuki, na vidole vya miguu hakuna. Kwa miaka 25 kilikuwa cha manjano. Rangi za ngozi za watu halisi zilianza kuonekana mwaka wa 2003, kwenye seti za mpira wa vikapu za NBA. Kiumbe kama hicho kinaweza kusimama na kushika gitaa. Basi. Kwa hivyo si wewe uliyemchagua mwanamuziki wako. Kisanamu ndicho kimekuchagulia, na wewe umekubali.

Hebu jaribu kukiketisha kipige nyatiti uone kama kitaweza.

Mpigaji wa nyatiti huketi kwenye kigoda kifupi, ala imelala mbele yake chini. Vidole vya mikono yote miwili viko kwenye nyuzi 8, ambazo zamani zilikuwa kano za ng'ombe na siku hizi ni nailoni ya kuvulia samaki. Kidole kikubwa cha mguu kimevaa pete ya chuma, na pete hiyo inagonga mbao ya ala kuweka mdundo. Mguuni kuna njuga ambazo Waluo huziita gara. Na juu ya hayo yote, mdomo unaimba. Mtu mmoja, bendi nzima, bila hata kuwasha spika! Ayub Ogada alizunguka dunia na ala hii, na wimbo wake "Kothbiro" ukaingia kwenye filamu ya The Constant Gardener ya mwaka wa 2005. Mzungu wa Hollywood aliisikia nyatiti. Sisi wenye nyatiti tunajenga Elvis.

Sasa fanya hesabu ya mjenzi. Kutoka kinundu kimoja cha tofali hadi kingine ni milimita 8. Ukiweka uzi mmoja kwa kila kinundu, nyuzi 8 zinataka upana wa milimita 64. Hiyo tayari imekipita kile kijamaa cha sentimita 4 kwa urefu! Maana yake ni kwamba lazima ukitupe kisanamu cha dukani na ujenge mtu wako mwenyewe kwa matofali, kuanzia kichwa hadi wayo. Utahitaji kiwiko kinachokunja. Utahitaji goti. Utahitaji mguu wenye kidole kinachojitenga na vingine, na kipande kidogo cha duara cha kijivu kiwe ile pete. Bakuli la ala utalipata kwa vile vipande vyenye umbo la sahani, ukivigeuza. Na hapo, rafiki yangu, ndipo ubunifu unapoanza. Ubunifu ni kulazimika kutatua tatizo ambalo hakuna mtu amekutatulia na kulifunga kwenye boksi.

Kwani ni nyatiti peke yake? Nenda Pwani. Kwenye taarab ya Mombasa kuna tashkota, ala yenye asili ya Japani iliyofika kwetu kwa njia ya Bahari ya Hindi, na Zuhura Swaleh aliimba nayo miaka nenda miaka rudi. Ni kisanduku kirefu, nyuzi juu, na safu ya vitufe kama taipureta. Kisanduku na vitufe! Manze, hiyo ni Lego tayari, inangoja tu mtu aione. Kayamba nayo ni matete yaliyopangwa sambamba na mbegu ndani. Panga vijiti vyako ubavu kwa ubavu, umemaliza nusu ya kazi. Nenda Kakamega, kuna isukuti za Waisukha na Waidakho: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe ikilia kando. Hapo una kikundi kizima, na kila mtu anasimama kwa namna yake.

Najua mtasema nini. "Majaji wa ng'ambo hawataelewa." Mwaka wa 2022 Lego yenyewe ilitoa seti inayoitwa Jazz Quartet, vipande 1,606. Iliundwa na shabiki kutoka Taiwan, akaipeleka kwa ule mpango wa Lego Ideas. Wanamuziki wanne: piano, besi, tarumbeta, ngoma. Hawakutumia kile kisanamu cha kawaida. Wamejengwa kwa vipande. Na hakuna staa hapo, hata mmoja. Unawatambua kwa vile mgongo umepinda juu ya piano na vile mtu ameikumbatia besi. Walioipenda hawakuhitaji kujua jina la mtu. Walihitaji kuuona muziki ukiwa kwenye mwili wake. Mpigaji wa nyatiti akijengwa hivyo, mtu wa London ataelewa kabla hujamweleza.

Na wale mnaodhani dawa ni kumpa mnyama miwani ya jua na maikrofoni, pole. Lego walijaribu wanamuziki wa vituko mwaka wa 2021 kwenye mradi wa Vidiyo, pamoja na Universal Music Group, kampuni kubwa kabisa. Haukufika mbali. Kituko kinachekesha mara moja. Mkao wa mtu anayefanya kazi yake unakaa kichwani.

"Lego ni pesa ndefu." Hiyo ni kweli, na sitamcheka mtu. Lakini kuna mitumba, na mafuko ya matofali yaliyochanganyika huuzwa sokoni kwa bei ya kuongea. Na kama hata hiyo ni ngumu, kuna programu inayoitwa Studio, ya bure, unajenga kwa kompyuta bila kununua hata tofali moja. Lego Ideas hupokea kazi za kompyuta. Shindano lako likikataa, hapo ndipo upige kelele, na mimi nitapiga pamoja nawe. Lakini wengi wetu tunaolia bei tayari tumenunua gitaa la plastiki. Shida si mfuko.

Kuna kosa lingine ambalo naliogopa hata kuliko Elvis. Ni mtu kusikia maneno haya, kisha ajenge "Mwafrika": ngozi ya chui, mkuki, ngoma isiyojulikana ni ya nani, moto katikati. Tafadhali, usifanye hivyo! Hiyo ni postikadi ya watalii. Mpigaji wa nyatiti wa leo anaweza kuwa na shati la mikono mifupi na simu mfukoni. Anaweza kuwa mwanamke, ingawa zamani ala hiyo iliachiwa wanaume. Nenda ukamwone mzee au dada anayepiga, umsalimu, umwombe ruhusa, uangalie anavyoweka goti. Uliza kwa nini pete iko kidole kile na si kingine. Halafu urudi kwa matofali yako.

Na wewe unayeuliza, "Kwa nini nyatiti, kwani sisi wote ni Waluo?" Jenga yako! Jenga obokano ya Abagusii, jenga chivoti ya Wamijikenda. Sijamkataza mtu. Ninachokataza ni uvivu unaojificha nyuma ya ukabila.

Mtaniambia hizi ni tu-toys, nipunguze hasira. Sipunguzi. Isukuti iliwekwa na UNESCO mwaka wa 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Haraka! Siamini kwamba tofali la plastiki litaokoa ngoma. Ngoma huokolewa na wanaoipiga na wanaowalipa. Lakini mtoto hujifunza ni nani anastahili kuitwa mwanamuziki kwa kuangalia ni nani ametengenezewa sanamu. Kwenye rafu ya duka ataona gitaa, gitaa, gitaa. Nyatiti ataikuta kwenye kitabu cha shule, aikariri kwa sababu ya mtihani, aisahau ikifika likizo. Sisi ndio watu pekee wenye vipande, muda na wazimu wa kumwekea kitu kingine mbele ya macho. Tukikataa, hakuna mtu wa Denmark atakuja kutufanyia.

Kwa waandaaji wa mashindano ya hapa kwetu: andikeni kwenye kanuni kwamba sura ya staa haihesabiki kama ubunifu, na mpeni alama mjenzi anayeonyesha jinsi ala inavyopigwa. Kwa wajenzi: shindano linalofuata, nionyesheni kiwiko, goti na kidole cha mguu. Ukileta Elvis tena, kura yangu usiitafute.